Jinsi ya Kumjua Boris Karloff: Mwongozo Kamili wa Kutazama Filamu Zake kwa Mpangilio

Lile jitu lenye kichwa cha mraba, kope nzito na vyuma viwili shingoni linajulikana karibu kila mahali. Limechorwa kwenye fulana, madaftari na vinyago vya watoto. Aliyelibeba hajulikani kiasi hicho, na hata wanaotaka kumfuatilia huanza na ile sura wakaishia palepale. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Tutamfuata Boris Karloff kwa vitu vinne ambavyo mekapu haikuweza kuvifunika: macho, mikono, mwendo na sauti. Naamini kabisa kwamba alikuwa miongoni mwa waigizaji mahiri zaidi wa karne ya 20, na kwamba ukimtazama kwa mpangilio mzuri utalikubali hilo bila kushawishiwa na mtu.

Filamu sita zinatosha, pamoja na katuni moja. Karibu zote ni fupi, dakika 65 hadi 90, kwa hiyo wikiendi mbili au tatu zinamaliza kazi.

Maandalizi

Tafuta nakala yenye sauti yake halisi. Sisi tumezoea filamu za kutafsiriwa, ambapo msimulizi anazungumza juu ya waigizaji, na mimi mwenyewe nazipenda. Kwa Karloff hazifai, kwa sababu nusu ya kazi yake iko kwenye sauti. Kama Kiingereza cha zamani kinakupa shida, washa maandishi ya chini. Ikwepe pia nakala iliyotiwa rangi. Mafundi wa taa na mekapu wa wakati ule walipanga kila kitu kwa ajili ya nyeusi na nyeupe, na rangi za kubandika zinaua vivuli walivyovitengeneza.

Tazama usiku, taa zikiwa zimezimwa, na punguza mwanga wa skrini kidogo ili weusi uwe weusi kweli. Kama unatumia simu, pakua filamu nzima kwanza mahali penye Wi-Fi. Picha inayokatika kila baada ya dakika tano inavunja ukimya ambao filamu hizi zinautegemea. Vaa visikilizi.

Chukua daftari, gawa ukurasa sehemu nne: macho, mikono, mwendo, sauti. Kila filamu andika mistari michache chini ya kila sehemu. Usiandike hadithi ya filamu, hiyo utaikumbuka tu.

Hatua ya kwanza: maisha yake mpaka 1931

Soma sehemu hii kabla hujabonyeza kitufe chochote, maana bila kujua alikotoka utadhani alizaliwa na umaarufu wake.

Jina lake la kuzaliwa ni William Henry Pratt. Alizaliwa Camberwell, kusini mwa London, tarehe 23 Novemba 1887, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto tisa. Familia ilikuwa na damu ya Kihindi, na baba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India, upande wa kodi ya chumvi. Wazazi wakamtoka mapema, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Ndugu hao walikuwa watu wa utumishi wa serikali, mmoja akaja kuwa mwanadiplomasia mwenye cheo cha Sir, na kijana wao naye alitarajiwa kufuata njia hiyohiyo. Akapelekwa King's College London.

Hakufuata. Mwaka 1909 akapanda meli kwenda Kanada, akafanya vibarua vya shambani na vya mikono, kisha akajiunga na kampuni ndogo ya michezo ya jukwaani huko British Columbia. Hapo ndipo akajiita Boris Karloff. Jina hilo hakuwahi kulibadilisha kisheria, na uraia wake wa Uingereza hakuuacha mpaka anakufa, ingawa aliishi Marekani miongo mingi.

Mwili wake haukuwa wa stelingi. Alikuwa na matege, na utotoni alikuwa na kigugumizi. Kigugumizi alikishinda, kithembe hakikuisha. Kiweke akilini, kwa sababu ukisikiliza vizuri utakisikia mpaka filamu ya mwisho, na utaona jinsi alivyokigeuza kuwa alama yake.

Kwenye sinema aliingia 1919, akiwa mmoja wa watu wa kujaza picha. Kwa zaidi ya miaka kumi alicheza vijisehemu: mwizi, mlinzi, Mwarabu, Mhindi, yeyote ambaye studio ilimwona ana sura ya ugeni. Pesa ilipokata aliendesha lori la kubeba vifaa vya ujenzi. Mwaka 1931 akaonekana vizuri kwenye The Criminal Code ya Howard Hawks, akiwa mfungwa anayelipiza kisasi kimyakimya. Mwaka huohuo James Whale, mwongozaji Mwingereza, alimwona akila kwenye kantini ya studio ya Universal, akamwita mezani kwake ili amjaribu kwa nafasi ya jitu katika filamu yake, Frankenstein. Karloff alikuwa anakaribia miaka 44, umri ambao waigizaji wengi huwa wameshakata tamaa.

Hatua ya pili: Frankenstein (1931)

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza moja kwa moja, bila daftari. Mara ya pili rudi kwenye sehemu tatu nitakazozitaja.

Kabla ya hapo, jua alikuwa amebeba nini. Fundi mekapu Jack Pierce alimkalisha kitini karibu saa nne kila siku ya kazi, akimjengea paji la uso kwa pamba na gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha akampaka rangi ya kijanikijivu ambayo kwenye filamu nyeusi na nyeupe ilitoka kama ngozi ya maiti. Miguuni alivaa buti nzito za mafundi wa lami. Mikono ya koti ilifupishwa ili mikono yake ionekane mirefu kupita kiasi. Upande mmoja wa kinywa alikuwa na meno ya bandia, akayavua, na shavu likabonyea. Halafu kuna zile kope: Karloff mwenyewe aliona macho yake yana uhai mno kwa kiumbe aliyeamka dakika chache zilizopita, akaomba yafanywe mazito, na Pierce akaweka nta. Kazi hiyo ilifanyika California, kuanzia Agosti, jua likiwa kali.

Sehemu ya kwanza ni anapoingia. Unasikia hatua, mlango unafunguka, naye anaingia kinyumenyume. Anageuka polepole. Kamera inamsogelea kwa mikato ya ghafla, karibu, halafu karibu zaidi. Yeye hafanyi chochote usoni, na hilo ndilo la kuandika kwenye daftari lako. Mwigizaji wa kawaida angenguruma.

Sehemu ya pili inafuata mara moja, na kwangu ndiyo dakika bora ya maisha yake yote ya kazi. Daktari Frankenstein, aliyeliunda jitu kwa viungo vya maiti, anafungua dirisha la darini, mwanga unalishukia jitu. Jitu linainua uso, kisha linainua mikono, viganja wazi, likijaribu kuushika mwanga. Dirisha linafungwa. Mikono inabaki hewani kidogo, halafu inashuka na kumwelekea daktari, vidole vikiomba. Hakuna neno lililosemwa, wala hakuna muziki, kwa sababu filamu hii karibu yote haina muziki isipokuwa mwanzoni na mwishoni. Ni mikono tu inayozungumza.

Sehemu ya tatu ni kando ya ziwa, na msichana mdogo anayeitwa Maria. Wanatupa maua majini, yanaelea, jitu linacheka. Maua yakiisha linatazama viganja vitupu. Halafu linamchukua mtoto, likidhani naye ataelea kama ua. Karloff hakuipenda namna ya kumrusha mtoto. Wakaguzi wa filamu nao wakaikata sehemu hiyo, lakini mkato wao ukafanya jambo kuwa baya zaidi: picha iliishia pale jitu linaponyoosha mikono kumchukua mtoto, na watazamaji wakawa wanajijazia wenyewe kilichofuata. Sehemu iliyokatwa ilirudishwa katika miaka ya 1980. Hakikisha nakala yako inayo.

Mwanzoni mwa filamu, kwenye orodha ya waigizaji, mbele ya jitu kuna alama ya kuuliza tu. Jina la Karloff linatokea mwishoni. Studio haikumwalika hata kwenye onyesho la kwanza. Baadaye alieleza kwamba barua alizopata kutoka kwa watoto zilikuwa za huruma kwa lile jitu. Watoto walielewa kabla ya studio.

Hatua ya tatu: The Mummy (1932)

Mwaka mmoja baadaye kila kitu kimegeuka. Sasa jina lake ndilo linalouza tiketi. Hapa mazoezi yako ni kutazama ukimya wa mwili.

Dakika kumi za mwanzo zitazame bila kugusa simu. Maiti ya Misri ya kale imesimama ndani ya jeneza lake, imefungwa vitambaa. Kijana mtafiti ananong'ona maneno ya karatasi takatifu. Macho ya maiti yanafunguka upenyo mdogo, yanang'aa. Mkono unateremka. Kisha tunaona vidole tu vikiichukua karatasi mezani, na ncha ya kitambaa ikiburutwa kutoka mlangoni. Kijana anacheka kicheko cha mtu aliyerukwa na akili. Pierce alitumia takriban saa nane kumfunga Karloff vitambaa vile, na Karl Freund, aliyekuwa mpigapicha mkubwa kabla ya kuwa mwongozaji, akatuonyesha sekunde chache tu. Hatumwoni akitembea akiwa amefungwa hivyo hata mara moja. Watu wengi wanakumbuka vinginevyo kwa sababu filamu za baadaye za watu wengine zilifanya hivyo.

Sehemu iliyobaki anacheza Ardath Bey, Mmisri mrefu mwenye ngozi kama karatasi iliyokunjwa, asiyependa kuguswa. Angalia mabega yake yasivyotikisika, na sauti isivyopanda. Hapa kithembe kinasikika, na kinamfaa mtu anayepima kila neno.

Hatua ya nne: Bride of Frankenstein (1935)

Wengi wanaiona bora kuliko ya kwanza, nami nakubaliana nao. Whale aliamua jitu lizungumze. Karloff alipinga, akiamini nguvu yake ilikuwa kwenye ububu. Sasa wewe ndiye uamue nani alikuwa sahihi, na sehemu ya kuamulia ni ile ya mzee kipofu.

Jitu limejeruhiwa, linawindwa, linasikia fidla kutoka kwenye kibanda. Kipofu anafungua mlango na kumkaribisha, kwa kuwa haoni sura. Anampa chakula, anamshukuru Mungu kwa kumletea rafiki. Chozi linashuka kwenye shavu la jitu. Baadaye anamfundisha mkate, divai, sigara, na neno la rafiki. Uso wa Karloff hapa umejaa zaidi kuliko 1931, kwa sababu safari hii aliyabakiza meno yake ya bandia ili aweze kutamka. Linganisha kurasa zako mbili za daftari. Mimi nadhani Whale alishinda, lakini ameshinda kwa sababu Karloff anatamka kila neno kana kwamba linamuuma.

Alilicheza jitu hilo mara moja zaidi katika filamu ndefu, Son of Frankenstein (1939), kisha akakataa kuendelea. Aliona limeanza kuwa chombo cha kusukumwa huku na kule. Ukipenda itazame, ila si lazima. Binti yake Sara alizaliwa tarehe 23 Novemba 1938, siku ambayo baba alitimiza miaka 51, wakati filamu hiyo inatengenezwa.

Usiruke hili: kadi namba 9

Huwezi kumwelewa Karloff ukimwacha kwenye skrini tu. Waigizaji wa miaka ile walifanya kazi mpaka alfajiri bila kikomo cha saa, na yeye aliyekuwa na nusu siku ya mekapu juu yake alilijua hilo mwilini. Mgongo aliumizwa kwa kumbeba mwenzake mara nyingi mlimani katika Frankenstein, na ukamsumbua maisha yake yote. Chama cha waigizaji wa filamu Marekani kilipoundwa 1933, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kujiunga, kadi namba 9. Ndiyo kwanza alikuwa ameonja mafanikio baada ya miaka zaidi ya 20 ya kuhangaika, na studio zilikuwa na uwezo wa kumfungia milango. Alihatarisha riziki yake. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo yoyote.

Mwaka huohuo alirudi Uingereza kufanya filamu, mara ya kwanza tangu aondoke. Alikuwa na wasiwasi kaka zake wangemwonea aibu kwa kazi aliyoichagua. Walipoitwa kupiga naye picha za magazeti, wale waheshimiwa wa serikali wakawa wanagombea nani asimame wapi.

Hatua ya tano: The Black Cat (1934)

Hii ni kwa ajili ya Bela Lugosi, Mhungaria aliyemcheza Dracula. Utasoma mahali pengi kwamba wawili hawa walichukiana. Usijaze kichwa na hayo, tazama kazi. Karloff ni msanifu majengo aliyejenga nyumba ya kisasa juu ya ngome ya vita ambako maelfu walikufa, Lugosi ni daktari aliyekuja kudai haki yake. Wanacheza sataranji kwa ajili ya uhai wa msichana. Lugosi anaigiza kwa moto, Karloff kwa barafu. Dakika 65 tu.

Hatua ya sita: The Body Snatcher (1945)

Kati ya filamu iliyopita na hii, alikwenda jukwaani. Januari 1941 mchezo wa Arsenic and Old Lace ulifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za michezo ya jukwaani New York, yeye akicheza muuaji ambaye kila mtu anamwambia kwamba amefanana na Boris Karloff. Mchezo ulikuwa na mafanikio makubwa kiasi kwamba filamu yake ilipopigwa, wenye mchezo hawakumruhusu kutoka, na nafasi yake akapewa Raymond Massey.

Aliporudi Hollywood alimkuta Val Lewton wa studio ya RKO, mtayarishaji aliyekuwa na bajeti ndogo na akili kubwa. Walifanya pamoja filamu tatu, na Karloff alisema waziwazi kwamba mtu huyu ndiye aliyemwokoa asiendelee kurudia majitu yaleyale. The Body Snatcher, iliyoongozwa na Robert Wise, ndiyo bora. Mahali ni Edinburgh mwaka 1831. Karloff ni Gray, mwendesha mkokoteni wa farasi anayefukua maiti makaburini na kuwauzia madaktari wa kufundishia. Hana mekapu ya kutisha hata kidogo.

Mwanzoni anamnyanyua msichana mlemavu ili amguse farasi, kwa upole wa kweli kabisa. Kisha fuatilia jinsi anavyotabasamu na upole uleule anapombana daktari aliyemzidi cheo, akimkumbusha siri yao. Na usikose hili: msichana mwimbaji wa mitaani anatembea akiimba kuelekea kwenye giza la upinde wa mawe. Mkokoteni wa Gray unamfuata. Kamera haisogei. Wimbo unaendelea gizani, halafu unakatika katikati ya mstari. Hakuna zaidi ya hapo.

Hii ndiyo filamu ya kumwonyesha mtu anayesema Karloff alikuwa mekapu tu.

Hatua ya saba: sauti, pamoja na watoto

Kama una watoto nyumbani, waite sasa. Katuni ya How the Grinch Stole Christmas! ilirushwa kwenye televisheni Desemba 1966, Karloff akiwa msimulizi na sauti ya Grinch mwenyewe. Rekodi yake ilimpatia tuzo ya Grammy upande wa watoto. Wimbo maarufu wa ndani si yeye anayeuimba, ni Thurl Ravenscroft, kosa ambalo utakutana nalo kila mahali. Haizidi nusu saa. Hizo nyingine ziwasubiri wakue kidogo, hasa ile ya 1945.

Hatua ya nane: Targets (1968)

Iache iwe ya mwisho, usiitangulize. Karloff alikuwa na deni la siku mbili za kazi kwa mtayarishaji Roger Corman. Corman akampa kijana Peter Bogdanovich nafasi: tumia siku hizo na vipande vya filamu ya zamani, utengeneze chochote. Bogdanovich akaandika habari ya Byron Orlok, mwigizaji mzee wa filamu za kutisha anayetaka kustaafu kwa sababu magazeti yamejaa vitisho kuliko vyake. Sambamba naye yupo kijana mtulivu, mwenye mke na nyumba safi, anayenunua bunduki.

Karloff alikuwa karibu miaka 80. Miguu ilikuwa na vyuma vya kumshikilia, mapafu yalikuwa yamechakaa. Sikiliza pale Orlok anaposimulia kisa cha mtumishi wa Baghdad aliyekutana na Mauti sokoni, akakimbilia Samarra, kumbe ndiko walikoahidiana. Kamera inamsogelea taratibu, yeye anasimulia kwa mkupuo mmoja bila mkato. Alipomaliza, mafundi wote walipiga makofi. Safu yako ya sauti itajaa hapo. Na mwishoni, kuna mkono wake na kofi, nisikuharibie zaidi.

Alifariki tarehe 2 Februari 1969 hospitalini Midhurst, kusini mwa Uingereza, nchi aliyokuwa amerudi kuishi miaka kumi kabla.

Ukitaka kuendelea

Fungua daftari uone safu ipi ina maandishi mengi. Kama ni mikono na mwendo, nenda The Old Dark House (1932), ambako anacheza mtumishi bubu mlevi. Kama ni macho, chukua Isle of the Dead (1945) na Bedlam (1946), zile mbili nyingine za Lewton. Kama ni sauti, tafuta Thriller, mfululizo wa televisheni wa 1960 hadi 1962 ambao aliutambulisha kila wiki na kuigiza katika baadhi ya vipindi vyake. The Terror (1963) utaikuta bure kirahisi kwa sababu filamu hii haina hakimiliki huko Marekani, lakini ilipigwa harakaharaka kwenye mandhari yaliyobaki ya filamu nyingine, na inaonekana. Hiyo itazame baada ya Targets tu, maana vipande vyake ndivyo Bogdanovich alivyovitumia, na utafurahi kuvitambua.